Unga wa Jiwe Ndani ya Kopo

Aika,

Kama unasoma karatasi hizi, umefungua lile kopo la mafuta ulilolificha chini kabisa ya tranka, ndani ya soksi nyeupe za michezo. Ningependa usizisome kamwe. Ningependa kopo likae huko chini mpaka likizo, ulirudishe nyumbani halijafunguliwa, nami nizichome karatasi hizi jikoni bila wewe kujua kwamba ziliwahi kuandikwa. Lakini kama umefika mstari huu, najua ulipo. Uko bombani hapo shuleni, umewahi kuamka kuliko wenzako, na umeshageuka mara moja kuangalia kama kuna mtu nyuma yako. Mimi nilikuwa nageuka hivyo hivyo.

Sikuwa nakupekua. Alhamisi nilikuwa nahakiki vitu kwa ile orodha ya shule, na unanijua, nikishaweka tiki lazima nirudie tena na tena. Shuka mbili, ndoo, sweta mbili, soksi jozi nne. Soksi ya tatu ilikuwa nzito. Nilipofungua kopo nikakuta unga wa kijivu na nusu limau lililofungwa kwenye nailoni, sikuhitaji kuuliza ni nini. Nilikaa chini, sakafuni. Lile jiwe la kusugulia nyayo lililopotea bafuni, ambalo nilimnunia mpangaji mwenzetu wiki mbili nzima kwa ajili yake, kumbe ulikuwa unalisaga. Na umelisaga vizuri. Laini kuliko nilivyokuwa nalisaga mimi.

Nikalifunga kopo, nikalirudisha ndani ya soksi. Ulipoingia ukaniuliza kama kila kitu kipo, nikasema kipo.

Leo ni Jumapili mchana. Umekwenda na mama mdogo kumuaga Bibi kijijini Ngarenanyuki, na basi la kukupeleka shuleni Njombe linaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo nina saa hizi chache tu za kuwa peke yangu na hili tranka. Mambo ya kufua, ya kusali, ya kutoazimana taulo, nimeshayasema mpaka umeanza kuyamalizia kabla yangu. Hili moja nimelijaribu tangu Alhamisi likanishinda. Nilijaribu tukimenya viazi. Nilijaribu tukitoka kanisani. Nina aibu, na chini ya aibu kuna hofu ambayo ni kubwa zaidi.

Nianzie kwenye kipaimara changu, maana ndipo nilipokuwa na umri ulio nao sasa.

Kwetu Ngarenanyuki, chini ya mlima, hakuna aliyekuwa anajua kwamba meno yetu yana rangi. Bibi yako anayo, marehemu babu alikuwa nayo, mwalimu wetu, mzee wa kanisa, wote. Meno ya rangi ya chai iliyokolea, mengine yana mistari. Kitu ambacho kila mtu anacho huwezi kukiona. Siku ya kipaimara walikuja binamu zangu wawili kutoka upande wa Moshi, wasichana wakubwa wenye viatu vya visigino, na baada ya chakula tukapangwa kwa ajili ya picha. Mmoja akanitazama nilivyokuwa nacheka. Hakuwa mbaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Kwani huku hamna miswaki?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, nikaweka mkono mdomoni. Mkono huo haujashuka mpaka leo. Ile picha iliyo ukutani sebuleni, ambayo huwa unasema nimenuna kama nimelazimishwa kuokoka, ndiyo picha ya siku hiyo.

Wiki iliyofuata nikaanza. Upande ule wa mlima mawe yale mepesi yenye matundu yako kila mahali, wanawake wanayaokota kusugulia nyayo. Nikawaza kwamba kama yanaondoa magaga ya kisigino yatashindwaje na uchafu wa meno. Nililiponda moja, nikachukua kitambaa na limau, nikawa naenda asubuhi kwenye mfereji wa kumwagilia nyanya kabla watu hawajafika kufungulia maji. Nasugua huku na huku, kama anayesugua sufuria iliyoungua. Na nilipojiangalia kwenye kioo kidogo niliyaona yameng'aa kweli. Sikujua kwamba kilichobadilika ni fizi. Zilikuwa nyekundu kwa damu, na kando ya wekundu kila kitu kinaonekana cheupe.

Bibi alinikamata, akanipiga makofi mawili na kulitupa jiwe langu kwenye shimo la choo. Nikahamia kwenye mchanga wa mferejini. Nakuambia hili ili uelewe kwa nini, ukiinua hizi karatasi, utakuta unga wako bado upo. Kuuacha kunaniuma, lakini nimeshindwa kuutupa, maana najua mtu aliyenyang'anywa jiwe anatafuta kingine.

Nilisoma, Aika. Hicho ndicho kinachoniuma. Kidato cha pili mwalimu alitueleza vizuri kabisa kwamba maji ya upande wetu wa mlima yana madini ya floraidi mengi mno, na mtoto akiyanywa miaka ile meno yake yanapojijenga ndani ya fizi, rangi inajengeka humo humo. Niliandika kwenye daftari, nikajibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Jioni nikarudi mferejini nikasugua. Nilikuwa na elimu kwenye daftari na woga mkononi, na hizo mbili hazikuwahi kukutana.

Halafu wewe ukazaliwa, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, baba yako akiwa ameshakwenda kutafuta maisha asikorudi. Nilipopata nafasi ya kusomea stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, nilikupeleka kwa Bibi, ukakaa huko mpaka ulipoanza shule. Nilijua maji yale. Nilimsisitizia Bibi kila nilipopiga simu: mchemshie maji, usimpe ya bomba hivi hivi. Bibi maskini alichemsha kila siku, kuni zote zile. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi hata kidogo, maji yanapungua nayo inabaki. Nilikuwa nalipa deni la dhamiri kwa kuni za mama yangu.

Ulipokuja huku kwangu Sombetini na meno yako mapya ya mbele yakaanza kuchomoza, nilikuwa nayachungulia kila asubuhi ukiwa umelala. Yalitoka na mistari yangu ile ile.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo huenda umelisahau. Naomba uwe umelisahau, ingawa kopo hili linaniambia hukulisahau.

Ulikuwa na miaka minane. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa anamuoza mdogo wake kule Njiro, wakakuomba uwe mshika maua. Tulikwenda kupima gauni, ukazunguka mbele ya kioo ukicheka, ulikuwa umependeza mpaka fundi akaacha kushona akakuangalia. Shangazi wa bibi harusi akaniinamia akaniambia kwa upole kabisa kwamba mtoto ni mzuri, nimwambie tu asicheke sana kwenye picha. Sikumkemea. Nilimshukuru, Aika. Nilisema, asante dada.

Jumamosi asubuhi nikakutoa nje bombani. Nilikuwa na unga wa jiwe na limau. Nikakushika kidevu kwa mkono mmoja, nikakusugua kwa mwingine, na wewe ulisimama wima, mikono umeibana ubavuni, macho umenikazia. Hukulia. Ulitema, maji yakawa na rangi ya waridi, ukaniuliza:

"Mama, yametoka?"

"Bado kidogo," nikasema.

Ukafungua mdomo tena mwenyewe.

Nilikusugua hivyo muda wa mwezi mzima hivi, na baada ya hapo ukawa unajisugua mwenyewe ukidhani ni sehemu ya kuoga. Niliacha kuangalia. Kwenye picha za harusi hukucheka hata moja.

Ofisini wananiita Mama Faili, na unadhani ni kwa sababu ya kazi ya masjala. Si hivyo. Ni kwa sababu nikicheka naweka faili usoni. Mara mbili mzee wetu wa utumishi ameniomba nihamie mapokezi, akaniambia nina lugha nzuri na subira, na kule kuna posho kidogo. Mara zote mbili nikamwambia macho yangu hayapendi mwanga wa dirishani. Mtu mzima, mwenye cheti, nikadanganya kuhusu macho ili kuficha meno. Nimekaa chumba cha nyuma na makabati miaka tisa, nikapazoea mpaka nikaanza kuita woga wangu utulivu.

Maumivu yalianza taratibu. Maji ya baridi, kwanza. Halafu upepo nikiwa juu ya bodaboda. Halafu nanasi. Yanapita haraka kama waya unaochomwa na kuchomolewa, ukishika shavu yameshaondoka. Nilijua yameoza, nini kingine? Na kwa kuwa niliamini kuoza kunatokana na uchafu, nikaongeza kusugua. Ona nilivyokuwa nazunguka. Linauma, nasugua, nasugua, linauma zaidi.

Mwishowe nikaenda zahanati moja, kwa kijana aliyekuwa anang'oa meno. Akaniambia nipanue aangalie kwa tochi. Nilipanua nusu, nikamwonyesha kwa kidole na kumwambia ni hili, limetoboka, nimeshavumilia ya kutosha. Akagonga, nikaruka. Akaniuliza kama nina uhakika, maana haoni tundu. Nilitaka tu kufunga mdomo wangu. Nikamwambia ng'oa.

Alipolitoa aliligeuza kwenye mwanga, akalisafisha kwa pamba, akaligeuza tena. Aliongea kwa sauti ya chini, kama anayeomba msamaha.

"Dada, hili jino ni zima."

Ndilo lile pengo langu la kushoto. Nilikuambia nilianguka.

Na meno mengine yaliendelea kuuma. Niliishi hivyo miaka mitatu, mpaka mwaka jana wakati wa mvua nilipokwenda hospitali kwa daktari wa meno hasa. Msichana mdogo kuliko mimi. Nikaanza kumweleza kwamba yameoza, akaniuliza nani amesema. Nikajibu ni mimi. Hakucheka. Alipuliza upepo mwembamba kwenye jino moja, karibu nimpige mkono. Akanipa kioo, akanionyesha pale jino linapokutana na ufizi. Kulikuwa na mfuo, Aika. Umekatwa kwa pembe, kama mtu amepitisha msasa pale pale kwa miaka. Ulimi wangu ulikuwa unaujua mfuo ule siku zote, mimi nilidhani ni ukingo wa ufizi.

Nikaukumbuka mparachichi wa Bibi, ule aliokuwa akimfungia mbuzi. Hakuna aliyeupiga panga. Kamba tu, kila siku, mahali pamoja, mpaka shina likaliwa.

"Hakuna kilichooza hapa," daktari akasema. "Hii ni kazi ya mkono."

Akanieleza, na nakuandikia kama nilivyomwelewa. Juu jino lina gamba gumu. Kule chini, shingoni, gamba ni jembamba, na chini zaidi ni mzizi ambao haukuumbwa kukaa nje, unafunikwa na ufizi. Ukisugua kwa nguvu, na kwa kitu kinachokwaruza, ufizi unarudi nyuma na ile sehemu laini inaliwa. Limau linalainisha uso wa jino, kisha jiwe linaupeleka. Na pale palipoliwa kuna vijinjia vidogo sana vinavyofika kwenye mshipa wa fahamu, ndiyo maana baridi inaingia kama haina mlango. Aliniuliza pia kama nasaga meno usingizini. Alisema mara nyingi si jambo moja, ni mambo kadhaa yanasaidiana, na kubana meno kwa wasiwasi huenda ni mojawapo.

Sikujua kama nasaga. Jioni nikakuuliza wewe, ukacheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Mama, kila siku. Huwa najua umefichia bisi kitandani."

Na wewe unasaga, mwanangu. Bibi alikupa dawa ya minyoo mara tatu kwa ajili hiyo. Haikuwa minyoo.

Kitu cha mwisho nilichomuuliza daktari kilikuwa rangi. Nilimuuliza kama basi kuna namna ya kusugua taratibu, kidogo kidogo. Akashusha barakoa yake. Meno yake yalikuwa kama yetu, Aika. Mistari ile ile. Kwao ni Leguruki, ng'ambo tu ya kwa Bibi.

"Rangi iko ndani, dada. Iliingia kabla jino halijatoka. Unaweza kusugua mpaka jino liishe, na rangi bado itakuwepo."

Na hapa ndipo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko lile la bombani, maana lile nililifanya kwa ujinga. Nilitoka pale nikijua. Nilinunua dawa ya meno ya kuzuia ganzi na mswaki laini, nikajifunza kuusogeza taratibu, daktari akaniziba mifuo miwili, maumivu yakapungua. Nawe nikakuambia tu usiguse dawa yangu, ni ghali. Sikukuambia kilichonipata. Ningekuambia ningelazimika kusema na ile Jumamosi. Nikaliacha jiwe bafuni, la miguu, pale pale unapolifikia. Nikajiambia bado ni mtoto, hajali mambo ya meno.

Krismasi tuliyomaliza, kwa mama mdogo, ulipewa soda kutoka kwenye friji. Ukanywa funda moja, ukafumba jicho moja, la kushoto, ukaisogeza soda shavu la pili. Hakuna aliyeona. Mimi niliona, kwa sababu jicho lile ni langu. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Ndipo hofu ilipoingia ndani na kukaa. Sasa unakwenda Njombe, ambako asubuhi maji ya ndoo yanakata vidole. Unakwenda kulala kwenye bweni la wasichana ambao hawajawahi kuona meno yetu. Hapa Sombetini nusu ya darasa lako mlikuwa mnafanana, hakuna wa kukuuliza. Kule watakuuliza, pengine wiki ya kwanza. Pengine binti mpole tu, anayetaka kujua. Na nimesikia swali hilo kila siku tangu Alhamisi, kwa sauti ya binamu yangu, nikiwa nimeshika soksi yako, na sitakuwepo.

Kuna jibu. Nililipata nikiwa na miaka thelathini na tatu, na bado sijalitumia hata mara moja, kwa hiyo sikulazimishi. Ni maneno manne. Ni maji ya kwetu. Nimeyasema leo kwa sauti humu ndani, peke yangu, yakatoka madogo sana. Huenda kwako yatatoka vizuri zaidi, wewe una sauti ya Bibi.

Mswaki uliokuwa umenunua, ule mgumu, nimeubadilisha. Usishangae. Na nimeshaongea na yule daktari wa Leguruki, likizo ya kwanza atakuona. Mfuo wako, kama upo, utakuwa bado mdogo. Naomba uwe mdogo. Sijathubutu kukuambia ufungue mdomo niangalie, maana mara ya mwisho nilipokuambia hivyo unaikumbuka.

Siku ile bombani uliniuliza swali nikakujibu uongo, na nadhani umekuwa ukiliishi jibu lile mpaka leo. Bado kidogo. Nalifuta. Hayatoki, Aika. Hayakuwa uchafu. Hukuwahi kuwa mchafu hata siku moja, na mimi niliyekushika kidevu nilikuwa naogopa shangazi wa watu.

Nasikia geti. Nadhani ni nyinyi, namsikia mama mdogo anavyoburuta viatu. Lazima nizikunje karatasi hizi.

Kesho nitasimama chini ya dirisha lako pale stendi. Utasema kitu cha kunichekesha, hujawahi kuniaga bila hicho. Nimeamua nitacheka nikiwa nimeshika mikono yangu nyuma. Nimejaribu leo mbele ya kioo, mkono wa kulia ukapanda wenyewe mara mbili. Naogopa na kesho utapanda. Wewe unayesoma unajua tayari ilivyokuwa, mimi bado sijui. Kama ulipanda, nisamehe, mama yako alishindwa tena na jambo dogo. Kama haukupanda, basi uliyaona yote, mistari na pengo, mchana kweupe na watu wamejaa, na naamini uliendelea kunipungia.

Mama yako